Sarkoidozi: askari wa mwili wanajenga ngome, adui haonekane

Mutu anakohoa miezi, anakonda, anachoka. Radio ya kifua inaonyesha alama kwenye mapafu na tezi zenye kuvimba. Huku kwetu mashariki neno la kwanza ni kifua kikuu, na ni haki, juu TB ni nyingi. Lakini wakati makohozi yamepimwa tena na tena, hata kwa mashini ya GeneXpert, na mikrobe haionekane, kuko ugonjwa mwingine wenye kufanana nayo sana: sarkoidozi.

Kufanana huko kunatoka kwa askari wa mwili wenyewe. Makrofaji ni chembe zenye kumeza mikrobe na takataka. CD4, zile wenye virusi vya SIDA wanazijua kwa kuhesabiwa hospitalini, ndizo zinatoa amri. Amri ikitoka, makrofaji zinakusanyika na kushikamana, zingine zinaungana kuwa chembe moja kubwa yenye viini vingi. Kifundo hicho kidogo kinaitwa granuloma. Kwa TB ni gereza la mikrobe, na mara nyingi katikati yake inaoza, inafanana na fromaji. Kwa sarkoidozi ngome ni ile ile, lakini ndani hamuna mikrobe, na kwa kawaida hamuna kuoza. Nani aliwaita askari? Sayansi bado inatafuta.

CD4 zikijaa mapafuni, katika damu zinaweza kupunguka. Kwa hiyo kipimo cha TB cha kuchoma kwenye ngozi mara nyingi hakionyeshe kitu. Na jambo la kushangaza: mwenye virusi vya SIDA ambaye CD4 zake zimeshuka sana, ni nadra apate sarkoidozi. Inaweza kuonekana kisha dawa za ARV kuzipandisha.

Wagonjwa wengi wanapona bila dawa. Wengine, zaidi wale ambao macho ao moyo umeguswa, wanapewa prednisone ili kutuliza askari. Hapo ndipo hatari iko. Prednisone ile ile, ikimezwa na mwenye TB isiyotibiwa, inafungulia mikrobe mlango. Ndiyo maana munganga anaweza kukata kipande kidogo cha tezi kwa kupima mbele ya kuamua. Usijinunulie prednisone kwenye farmasi ya mtaa, na usiache dawa za TB kwa kujiamulia.

Sarkoidozi haiambukize. Mwenye nayo anaweza kula na wengine kwenye sahani moja.