Kinanda cha Patrick Balisidya katika Mji wa Magitaa

Atokaye Kariakoo akaifuata Barabara ya Uhuru, ambayo wazee wa mji waliijua kwa jina la Kichwele kabla nchi haijajitawala, akaipita Ilala na nyumba ambazo serikali ya Waingereza iliwajengea wafanyakazi wake, hufika Buguruni, mahali ambapo barabara hiyo hukutana na ile ya Mandela iendayo bandarini. Na huko, katika mtaa wa Malapa, yako makaburi alimozikwa Patrick Pama Balisidya, aliyefariki tarehe 7 Agosti 2004, mpiga gitaa, mpiga kinanda, mwimbaji na mtunzi, na mwenye bendi ya Afro 70. Buguruni yenyewe ilikuwa kijiji cha Wazaramo na minazi yao hata mji ulipoisogelea, ukaizunguka, kisha ukaimeza, bila ya kuiondolea desturi yake ya kulala usiku wa manane na kufanya sherehe hadharani. Vitongoji vya namna hii ndivyo vilivyowapa hifadhi wanamuziki wengi wa Dar es Salaam, maana chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati kilikodishwa kwa fedha ambayo mpiga muziki aliweza kuipata, na ukumbi wa dansi haukuwa mbali.

Sikusudii kuandika habari za Balisidya pekee. Nakusudia kumtumia kama dalili ya jambo ambalo wasimulizi wa tarikhi ya dansi aghalabu hulipita, nalo ni kwamba mji huu ulijaa bendi zilizojiita jazz kwa muda wa miaka arobaini na zaidi, ilhali karibu zote hazikuwa na piano. Na hata kinanda cha umeme kilipokuja, hakikwenda kwa fundi aliyekistahili, kilikwenda kwa yule aliyekuwa na mtu wa kumnunulia.

Piano zilikuwako, bila shaka. Zilikuwako katika klabu za Wazungu, katika hoteli kubwa za mjini, na katika majumba ya Magoa, ambao watoto wao walifundishwa muziki wa kusoma kama walivyofundishwa hesabu. Makanisa nayo yalikuwa na vinanda vyao, vingine vya mabomba na vingine vya kukanyaga kwa miguu, vikipigwa na waalimu wa shule na wake wa mapadri wa Kianglikana. Lakini piano ni mali nzito, hupandishwa ngazi na watu sita, hutaka nyumba yenye milango mipana, na unyevu wa pwani huvuruga mlingano wa nyuzi zake hata ikawa haiaminiki. Gitaa hutundikwa ukutani, hubebwa begani, hupanda basi. Kwa hivyo vijana wa Kiafrika waliotoka katika ngoma ya beni, pamoja na matarumbeta yake na ushindani wake mkali wa Marini na Arinoti, walipoingia katika dansi waliingia na ala za kupuliza, banjo na magitaa. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932. Western Jazz ilifuata mwaka 1944, kwa juhudi za Iddi Nhende na wenzake waliotoka bara ya magharibi, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande mwaka 1958. Katika hirimu hiyo Ally Sykes, wa ukoo mashuhuri katika siasa za Tanganyika, alikuwa akipiga muziki na kundi la Merry Blackbirds. Watu waliovaa suti na tai walicheza katika ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja mpaka usiku sana, na mwendo wa muziki ule ulishikwa na gitaa pale ambapo Wamarekani wangeliweka piano.

Vilabu vya taarabu vilikuwa na utaratibu mwingine, nao unastahili kutajwa. Tangu zama za Sultani Barghash, aliyempeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, taarabu ilikuwa muziki wa majlisi na wa chama. Wanachama walitoa ada, ada zikanunua ala, na ala zikawa milki ya wote. Ndivyo ilivyokuwa kwa Egyptian Musical Club na Al-Watan hapa Dar es Salaam, ambako kodiani ilishika nafasi ambayo baadaye ilichukuliwa na kinanda cha umeme. Mpigaji hakuwa na ala, lakini alikuwa na sauti katika mkutano uliomiliki ala. Hayo wapigaji wengi wa dansi hawakuyapata.

Ni ajabu pia kwamba wakati bendi zetu za jazz zikiendelea bila ya piano, mpiga piano mmoja wa jazz huko Marekani aligeuka akatazama upande wetu. Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alirekodi mwezi wa Novemba mwaka 1960 sahani ndefu aliyoiita Uhuru Afrika, na ndani yake akataka isikike lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja. Akachagua Kiswahili, na msemaji wake akawa Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, aliyekuwa New York siku zile kwa mambo ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku sahani hiyo. Huku kwetu nadhani waliopata kuisikia walikuwa wachache mno.

Balisidya alizaliwa mwaka 1946 huko Mvumi, katika nchi ya Ugogo, mahali palipokuwa na misheni ya Kianglikana, shule na hospitali. Mambo mawili ya Ugogo nayaona dhahiri katika kazi zake. La kwanza ni sauti. Wagogo ni mabingwa wa kuimba kwa kupangana, sauti ikipanda juu ya sauti, kama dunia ilivyokuja kujua baadaye kwa Hukwe Zawose na zeze lake. Na mtu asikilizaye nyimbo za Afro 70 hawezi kukosa kutambua jinsi waitikiaji wanavyopangwa, si kwa kufuatana tu nyuma ya kiongozi, bali kwa kumjibu na kumfunika. La pili ni kanisa, ambalo lilimfanya mtoto wa kijijini akione kinanda kuwa kitu cha kawaida katika maisha, jambo ambalo mwenzake wa Kariakoo, aliyekua akisikia matarumbeta na ngoma za mitaani, hakujaliwa.

Katika miaka ya 1960 alikuwa Dar es Salaam, akajiunga na Dar es Salaam Jazz, bendi aliyoipitia pia Michael Enoch, ambaye wanamuziki walimwita Ticha kwa sababu alijua ala nyingi na alikuwa na subira ya kuzifundisha. Kutoka humo, mwaka 1970, Balisidya aliunda Afro 70, na mtindo wake akauita Afrosa. Alipiga gitaa, aliimba kwa sauti nyembamba isiyolazimishwa, akapiga na kinanda cha umeme. Na kwa rai yangu hicho kinanda ndicho kilichoifanya bendi yake isifanane na jirani zake. Wapiga magitaa wa wakati ule walijaza kila nafasi kwa vidole, wakifuata mfano wa Kongo, kwani magwiji wa Kinshasa walisikika katika kila redio na Orchestra Maquis iliyotoka Zaire ilikuwa imekwisha kupiga kambi mjini. Kinanda kina uwezo ambao gitaa halina: sauti moja huweza kushikiliwa isikatike, ikatandazwa chini ya mwimbaji kama jamvi, na mwimbaji akapumzika juu yake. Wimbo wake uitwao Harusi umedumu hata vijana wasiojua jina la mtunzi wanaujua.

Hapa lazima nieleze habari za milki, maana bila ya hiyo maisha yake hayaeleweki. Tangu chama cha wafanyakazi NUTA kilipoanzisha bendi yake mwaka 1964, kazi ya muziki ilianza kuhamia mikononi mwa vyama, majeshi na mashirika. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na jazz yake, Umoja wa Vijana ukawa na Vijana Jazz, shirika la mabasi likawa na UDA Jazz, shirika la bima likawa na Bima Lee. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa hawakubaki nyuma. Mwanamuziki aliandikwa kazi, akapewa mshahara, na wengine wakapewa na kazi ya mchana kiwandani. Ilikuwa heri kubwa kwa watu ambao zamani walihesabiwa kuwa wahuni, na sitamdharau yeyote aliyeifurahia. Lakini gitaa, ngoma, spika na kinanda vilikuwa na namba za shirika, na mtu akihama bendi, huondoka na vidole vyake tu. Balisidya alisimama nje ya utaratibu huo. Afro 70 ilikuwa yake. Kwa hiyo alikuwa huru kuchagua sauti aliyoitaka, na kwa hiyo pia hakuwa na mtu wa kumlipia, katika nchi ambayo fedha za kigeni zilipimwa kwa kibaba na chombo cha muziki kilihesabiwa kuwa anasa.

Fedha zenyewe zilipatikana wapi? Viingilio vya mlangoni, na sahani. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, katika jengo lake la Barabara ya Pugu, kwa ujira mdogo, na redio ilizitangaza nchi nzima. Hiyo ilikuwa sifa, si mali. Sahani za santuri zilipigwa chapa Nairobi, na huko ndiko biashara ilikokuwa. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Afro 70 ilichaguliwa kuiwakilisha Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos, heshima ambayo bendi nyingi za mashirika ziliitamani. Na tamasha hilo likiwa bado linaendelea, tarehe 4 Februari, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika. Mpaka haukufunguliwa tena ila mwezi wa Novemba 1983. Kwa mwanamuziki wa shirika huo ulikuwa msiba wa kusikia katika taarifa ya habari, mshahara wake ukaja mwisho wa mwezi kama kawaida. Kwa mwenye bendi yake ulikuwa ni kufungiwa duka.

Afro 70 haikuendelea muda mrefu baada ya Lagos. Balisidya alikwenda Sweden, akashirikiana na kundi la Archimedes Badkar katika sahani ya mwaka 1979 iliyopewa jina la Kiswahili, Bado Kidogo. Waswidi hao walikuwa watu wa majaribio, wapenda muziki wa mataifa, na ndani ya sahani hiyo wanasikika wakijitahidi kuufuata mwendo wake badala ya kumvuta kwao. Nyumbani alipiga kwa muda na Orchestra Safari Sound. Hakupata tena bendi yenye utukufu wa ile ya kwanza, ingawa jina lake halikupungua.

Ilipofika katikati ya miaka ya 1980, serikali ilipowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila ya kuulizwa walizipata wapi, vinanda vidogo vya Kijapani viliingia pamoja na redio kaseti na vitambaa. Vijana Jazz ya Hemed Maneti ilitia kinanda na ngoma za umeme katika dansi kuelekea mwisho wa miaka hiyo, na chama ndicho kilicholipa. Kundi la Kilimanjaro, ambalo asili yake ni The Revolutions wa Tanga, lilijengwa juu ya kinanda cha Waziri Ally, na kwa kuwa lilijitegemea, mimi hulihesabu kuwa mrithi halisi wa Afro 70 kuliko bendi yoyote nyingine. Kisha taarabu, mara baada ya mfumo wa vyama vingi vya siasa kurudi, ikapata makundi kama Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba na Muungano ya Norbert Chenga, na mpiga kinanda mmoja akachukua kazi ya fidla, kanuni na kodiani kwa pamoja. Mafundi wa fidla walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mzee Yusuf alitoka katika shule hiyo, akipiga kinanda huku akiimba, na kundi lake la Jahazi likajaza kumbi za Dar es Salaam mpaka alipouacha muziki kwa muda kwa ajili ya dini.

Leo mtoto wa Buguruni atakaye kujifunza kinanda aghalabu hukipata katika kwaya, maana makwaya ya mjini, mathalani ile ya vijana wa AIC Chang'ombe, yamekuwa shule kubwa kuliko bendi. Au hukipata ndani ya kompyuta, kama wafanyavyo watengenezaji wa singeli, wanaochukua kipande cha kinanda cha taarabu wakakikimbiza mpaka mchezaji wa kigodoro asipate pumzi. Hao hawakuomba ala kwa chama wala kwa shirika. Studio ya Sisso iko katika chumba kimoja Mburahati, na kazi zake zilipokusanywa mwaka 2017 kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, waliozitoa walikuwa Nyege Nyege Tapes, kampuni ya Kampala.