Kampala Nayo Ilipigwa

Kila redio inapotangaza kwamba mji fulani kule kwetu Kongo umekombolewa, kuna watu hapa kambini wanaoanza kufunga mizigo moyoni. Ndiyo maana nataka kuwaeleza, ndugu wasomaji, jinsi Kampala ilivyokombolewa.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi Mulago, ana barua ya rufaa. Tulilala kwa ndugu upande wa Namanve, asubuhi tukapanda treni: Namboole, Kireka, Nakawa, halafu Kampala. Reli hii inayotoka Mombasa ilifika Kampala mwaka 1931; treni hii ya kupeleka watu kazini ilianza Desemba 2015. Watu wamebanana, kila mtu na simu yake. Huwezi kujua kama mji huu umewahi kusikia bomu.

Mzee mmoja alisikia Kiswahili chetu akacheka. “Mwanangu, zamani tukisikia lugha hiyo tulikuwa tunafunga mlango.” Ilikuwa lugha ya askari wa Idi Amin. Halafu 1979 kikaja Kiswahili kingine, cha Watanzania, na watu wakatoka nje kushangilia.

Sasa tuhesabu. Tarehe 11 Aprili 1979 jeshi la Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliteka Kampala. Siku zilezile maduka yakaporwa. Rais mpya, Yusuf Lule, alidumu siku 68 tu. Godfrey Binaisa akashika, naye akaondolewa Mei 1980. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Milton Obote. Yoweri Museveni akaukataa na kuingia msituni mwaka 1981. Luwero, kaskazini mwa mji, ikaungua. Julai 1985 wanajeshi wakampindua Obote. Tarehe 26 Januari 1986 NRA ikauchukua mji. Toka shangwe ya kwanza mpaka hapo ni karibu miaka 7.

Na shangwe ile haikuwa ya wote. Amin alipoanguka, watu wengi wa West Nile waliogopa kulipiziwa kisasi, wakakimbilia Sudan na Zaire. Zaire, yaani kwetu! Waliokuwa wakimbizi wetu jana ndio wenyeji wetu leo.

Kutoka stesheni tulichukua taksi hadi Wandegeya, tukapanda kilima cha Mulago. Jengo kubwa la hospitali lilifunguliwa 1962, mwaka wa uhuru. Hapa ndipo alipolazwa Dora Bloch, bibi kizee aliyekuwa mmoja wa mateka wa ndege ya Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israeli waliwaokoa wenzake. Yeye akabaki wodini. Watu wa serikali wakamtoa hospitalini, wakamwua. Ujue basi, kitanda cha mgonjwa hakikuwa kinga.

Lakini kilima ni kilekile. Noerine Kaleeba alikuwa akifundisha tiba ya viungo hapa. Mwaka 1987, mwaka mmoja tu baada ya NRA kuingia, alianzisha TASO pamoja na wenzake ili kuwasaidia wenye UKIMWI, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa. Hawakungoja mji upone kabisa. Mji ulipona kwa kazi za namna hiyo, kidogo kidogo.

Kwa hiyo, ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuuliza kama tuko tayari kurudi, na sisi wenyewe tunaoulizana usiku, swali la “nani ameshika mji?” halitoshi. Kampala ilishikwa mara nyingi. Tuulize hivi: je, mgonjwa analala wodini mpaka asubuhi bila mtu kuja kumchukua? Muuguzi analipwa, anakuja kazini? Aliyeshindwa vita naye anaweza kupanda gari na kwenda sokoni? Tukijibiwa ndiyo kwa yote matatu, hapo ndipo tufunge mizigo yenyewe.