Nani Alikuwa Mdaiwa? Mkulima wa Pamba wa Mwanza na Kuanguka kwa Benki ya Taifa ya Biashara

Makada wengi wakiulizwa kwa nini Benki ya Taifa ya Biashara ilianguka, hujibu kwa sentensi moja: watu walikopa, hawakulipa. Jibu hilo si la uongo, lakini halitufikishi mbali. Halituambii ni nani aliyekopa, fedha zilipita mikononi mwa nani, na benki ilipoanguka ni mlango wa nani uliogongwa kwanza. Katika makala haya tunachukua mfano wa mkulima wa pamba wa Mwanza na chama chake kikuu, Nyanza. Tumeuchagua kwa sababu katika mfano huu uhusiano wa mdai na mdaiwa, ukichunguzwa kwa makini, unaonekana umegeuzwa juu chini.

Tuanze mbali kidogo. Chini ya utawala wa Kiingereza palikuwa na sheria ya kuzuia wenyeji wasikopeshwe bila kibali. Wakoloni walisema wanamlinda Mwafrika asiingie katika madeni asiyoyaweza. Matokeo yake halisi ni kwamba mkulima wa Usukuma na Ukerewe alibaki bila mtaji, akiuza pamba yake kwa mfanyabiashara ambaye ndiye aliyeshika mizani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakulima wakaanza kuajiri wapimaji wao wenyewe kuhakiki mizani hiyo. Hapo ndipo ushirika wa Kanda ya Ziwa ulipozaliwa, katika ugomvi juu ya ratili. Mwaka 1955 vyama hivyo, kwa uongozi wa Paul Bomani, viliungana kuwa shirikisho la Victoria, na mwaka 1956 shirikisho hilo likawa na kinu chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, Geita. Kinu kile kilikuwa na maana kubwa. Mkulima mmoja mmoja hakuwa na hati ya shamba wala nyumba ya kuweka rehani, lakini kwa pamoja wakulima sasa walikuwa na mali ambayo benki yoyote ingeitambua. Tutaona baadaye mali hiyo iliishia wapi.

Tarehe 6 Februari 1967, siku moja baada ya Azimio la Arusha kutangazwa, mabenki ya kigeni yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, na hatuoni sababu ya kuiombea radhi. Kabla yake akiba za Watanzania zilikuwa zikiamuliwa matumizi yake London. Lakini kutaifisha benki ni jambo moja, na kumpa mzalishaji sauti juu ya benki hiyo ni jambo lingine. Katika miaka hiyo hiyo mkulima wa Mwanza alikuwa akipoteza sauti hata juu ya chombo chake mwenyewe. Shirikisho la Victoria liliwekwa chini ya usimamizi wa Serikali, likageuzwa kuwa Nyanza mwaka 1968, na tarehe 14 Mei 1976 vyama vyote vikuu vya ushirika nchini vikavunjwa. Pamba ikawa chini ya Mamlaka ya Pamba. Mwalimu Nyerere alikiri waziwazi mwaka 1984 kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa. Kufikia wakati huo sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuurudisha, na Nyanza ikaanza upya mwaka huo wa 1984, bila mtaji wa maana wa kwake.

Sasa tutazame jinsi mkopo wa msimu ulivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Serikali ilipanga bei ya pamba kabla ya msimu. Chama kikuu kilikwenda benki kukopa fedha za kununulia mazao. Fedha zilishuka kwa vyama vya msingi, karani akapima, mkulima akalipwa. Pamba ikachambuliwa, marobota yakasafirishwa kwa reli hadi Dar es Salaam, bodi ikauza nje, na fedha za mauzo zikarudi kwa njia ile ile mpaka benki ikalipwa. Katika karatasi mzunguko huo hauna kasoro. Katika hali halisi, malori yalikuwa hayana vipuri wala matairi, mabehewa yalikuwa machache, na pamba ya msimu mmoja iliweza kukutwa ghalani na pamba ya msimu unaofuata. Kila mwezi ambao robota lilikaa ghalani, riba iliongezeka. Chama kikuu hakikupanga bei, hakikuwa na reli, hakikuamua pamba iuzwe lini wala kwa nani, lakini jina lililoandikwa katika daftari la benki kuwa ni mdaiwa lilikuwa lake.

Mpango wa kufufua uchumi uliokubaliwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 uliikaza kamba hiyo. Dola moja, iliyokuwa ikibadilishwa kwa shilingi 17 hivi mwanzoni mwa mwaka huo, ilikaribia shilingi 200 mwishoni mwa 1990. Riba ya mikopo ilipanda hadi karibu asilimia 30 kwa mwaka. Deni ambalo lingebebeka kwa riba ya zamani likawa mlima. Hatusemi kwamba ndani ya vyama vikuu hapakuwa na wizi. Ulikuwapo, na mkulima aliujua kuliko sisi, kwa kuwa alikuwa akiwaona baadhi ya watumishi wa ushirika wakijenga nyumba ambazo mshahara haujengi. Lakini hata ambapo hakuna mtu aliyeiba senti, mfumo wenyewe ulikuwa ukizaa deni.

Fedha za msimu zilipokwisha kabla pamba haijakwisha, mkulima alipewa stakabadhi badala ya fedha taslimu. Wanafunzi wetu wauchunguze vizuri ukweli huu mdogo. Stakabadhi ile ilikuwa ahadi ya malipo. Mkulima alikuwa ametoa mali yake, na akawa anasubiri alipwe, wakati mwingine kwa miezi mingi. Kwa lugha ya benki, yeye alikuwa ndiye mkopeshaji. Aliukopesha ushirika, na kwa kupitia ushirika aliikopesha bodi, benki na Serikali yenyewe. Na alikopesha bila riba, katika nchi ambayo shilingi ilikuwa ikipungua thamani kila alfajiri.

Mwaka 1988 iliundwa tume ya kuchunguza mfumo wa fedha na mabenki, chini ya Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu. Taarifa yake ya mwaka 1990 ilifungua njia kwa sheria ya mabenki ya mwaka 1991, iliyoruhusu mabenki binafsi. Ilionekana wazi kwamba sehemu kubwa ya mikopo ya Benki ya Taifa haitalipika, na kwamba wadaiwa wakubwa ni mashirika ya umma na vyama vikuu vya ushirika. Mwaka huo huo wa 1991 ukaundwa mfuko maalum wa kukusanya madeni mabaya, uliojulikana kwa herufi zake LART, ukapewa na baraza lake la kusikiliza kesi za madeni nje ya mkondo wa kawaida wa mahakama. Uganda nayo iliunda chombo cha namna hiyo katikati ya miaka ya 1990 kwa ajili ya madeni ya benki yake ya biashara. Ng'ambo zote mbili za Ziwa dawa iliandikwa na daktari mmoja, naye alikuwa Washington.

Wadaiwa walitendewaje? Deni mbaya lilipohamishwa kutoka benki, Hazina iliipa benki hati za dhamana kufidia pengo. Maana yake ni kwamba mlipa kodi ndiye aliyelibeba. Shirika la umma lililoshindwa kulipa liliingizwa katika foleni ya kubinafsishwa, na mnunuzi akalipata bila mzigo wake wa zamani. Mtu binafsi mwenye kitu na mwenye wakili aliweza kubishana, kuomba muda, kukata rufaa. Chama kikuu cha ushirika hakikuuzwa kama shirika la umma, kwa kuwa hakikuwa mali ya Serikali. Kwa hiyo kiliachwa kiendelee kuishi, ila bila damu. Benki, kwa masharti mapya, haikutakiwa tena kumkopesha asiyekopesheka. Biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi kuanzia msimu wa 1994, na Nyanza ikaingia katika ushindani huo ikiwa na madeni mgongoni na bila fedha za kutosha za kununulia zao. Katika miaka iliyofuata vinu, maghala na majengo yake vilikwenda kimoja kimoja. Mali iliyoanzia Kasamwa ikawa ndiyo rehani ya deni ambalo mwenye pamba hakulikopa.

Na mwenye stakabadhi je? Kwake halikuundwa baraza. Benki ilipata LART, Hazina ilipata ratiba ya kulipa hati zake, lakini mkulima aliyekuwa akidai pamba yake aliambiwa arudi kesho kwa katibu wa chama cha msingi. Msemo wetu kwamba dawa ya deni ni kulipa ulielekezwa upande mmoja tu.

Mwaka 1997 Benki ya Taifa ilipasuliwa. Upande wa biashara kubwa ulibaki na jina la zamani, na mwaka 2000 hisa zake nyingi zikauzwa kwa benki ya ABSA ya Afrika Kusini kwa shilingi bilioni 15, ingawa Mwalimu alikuwa ameupinga uuzaji huo kabla ya kufariki Oktoba 1999. Matawi mengi ya wilayani yakawa National Microfinance Bank. Kwa miaka yake ya kwanza benki hiyo ilipokea akiba na kufanya malipo, bila kukopesha. Mtu wa Sengerema au Magu aliweza kuiwekea benki fedha zake, ila hakuweza kuikopa.

Pengo halikukaa wazi. Kwenye mwalo, wakala wa kiwanda cha minofu ya sangara alimpa mvuvi nyavu na injini, na mvuvi akafungwa kumuuzia yeye peke yake kwa bei aliyoipanga yeye. Shambani, mwenye kinu binafsi au mfuko wa pamba ulitoa dawa na mbegu, gharama ikakatwa kwenye mizani. Mizani ile ile ambayo wakulima wa miaka ya 1940 waliigombania ikarudi kuwa mahali pa kulipia deni. Tofauti ni kwamba sasa mkopeshaji, mnunuzi na mpimaji waliweza kuwa mtu mmoja, na hapakuwa na sheria ya kikoloni ya kuizuia mikopo yake wala chama chenye nguvu cha kuhakiki ratili.

Mwaka 2018 Serikali ilianza kufuatilia mali za Nyanza zilizouzwa, na vyama vya msingi vikarudishwa kuwa njia ya kukusanyia pamba. Msimu wa 2019 bei ilitangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo. Bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasitasita kukopa benki, na wakulima wa Kanda ya Ziwa, waliokwisha kuikabidhi pamba yao kwa chama, wakarudi nyumbani na karatasi, wakisubiri kulipwa.