Kichwa Chekundu cha West Nile: Majivu, Hina na Namba 350

Mteja anayetaka rasta za rangi ya shaba katika saluni za Uganda hahitaji maelezo mengi. Hutaja namba 350, na msusi akashika pakiti. Akipenda damu ya mzee, huomba 99J. Arua na Koboko nazo zina vichwa vya namna hiyo, na hawakosekani wazee wa kunung'unika kwamba vijana wameiga televisheni.

Manung'uniko hayo yamechelewa sana. Kati ya 1868 na 1871 Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea, alisafiri katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akaandika juu ya wanaume wa Kidinka wenye nywele nyekundu. Alieleza njia zao mbili: kuosha kichwa mara kwa mara kwa mkojo wa ng'ombe, au kukipaka mchanganyiko wa mavi ya ng'ombe na majivu kwa muda wa wiki mbili hivi. Wamundari wa Terekeka, kaskazini mwa Juba, hufanya hivyo hadi leo. Kijana huinama nyuma ya ng'ombe anayekojoa, maji yakamtiririkia kichwani.

Asiyezoea atakunja pua, lakini kazi inayofanyika pale ni ya kikemia. Mkojo ukikaa hutoa amonia, ambayo pamoja na majivu na jua kali huifubaza polepole rangi nyeusi ya nywele, ikabaki ile ya machungwa. Amonia hiyohiyo imo katika rangi nyingi za dukani, ila imetiwa manukato.

Desturi hiyo haisafiri bila mifugo. Vita vilivyoanza Juba Desemba 2013 viliwaleta Wadinka wengi Uganda, hasa wilaya ya Adjumani, na aliyevuka mpaka bila kundi lake aliacha nyuma na rangi yake.

Hina ilipitia mlango mwingine. Mwaka 1885, vita vya Mahdi vilipoikata njia ya Khartoum, Emin Pasha, gavana wa Equatoria, alihamia Wadelai, kando ya Nile, ndani ya West Nile ya leo. Mwaka 1891 Frederick Lugard, afisa Mwingereza, aliwachukua wanajeshi wa Emin waliobaki nyuma kule Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawaingiza Uganda pamoja na wake, watoto na wafuasi wao. Kutokana nao na wengine waliojiunga na Uislamu na lugha yao ya Kinubi, ikakua jamii ya Wanubi, ambayo Arua na Koboko ni miongoni mwa miji yake. Harusi ya Kinubi bila hina kwenye mikono na miguu ya bibi harusi haijatimia.

Kichwani hina ina tabia yake. Rangi iliyomo katika majani ya mhina hung'ang'ania unywele bila kuondoa weusi uliopo. Kwa hiyo msichana mwenye nywele nyeusi tititi atapata mng'ao wa shaba unaoonekana juani tu, ilhali bibi yake mwenye mvi atatoka na wekundu wa moto. Ndiyo maana ndevu zenye rangi ya kutu, katika miji mingi ya Waislamu wa Afrika Mashariki, ni za wazee. Wana na hoja ya dini: Makka ilipofunguliwa mwaka 630, Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliletwa akiwa na mvi tupu, na Mtume akaagiza zibadilishwe rangi, lakini nyeusi iepukwe.

Wengi hawakuiepuka. Mwaka 1863 mkemia August Wilhelm von Hofmann alieleza parafenilinidiamini, na kabla ya karne hiyo kwisha ilikuwa imeshaingia katika rangi za nywele. Nchini Sudan wanawake walianza kuichanganya na hina ili michoro iwe nyeusi na ikauke haraka. Mwaka 1992 madaktari wa Khartoum walichapisha taarifa ya watoto waliodhurika kwa mchanganyiko huo: uso na koo huvimba hadi pumzi inakatika, na figo huweza kushindwa kufanya kazi.

Kwa kipimo kidogo, na kwa masharti, dawa hiyo bado imo katika rangi nyingi halali za saluni, hata baadhi ya nyekundu. Anayetaka wekundu bila mashaka ana rasta za 350, ambazo hazigusi nywele zake kwa dawa yoyote. Anayenunua hina ya unga sokoni aulize imechanganywa na nini, aijaribu kidogo nyuma ya sikio, na asubiri siku mbili. Akiambiwa kwamba itatoka nyeusi baada ya nusu saa, aiache palepale mezani: hina tupu haitoi weusi.