Afisi ya Mkuu wa Wilaya Kitui na Makueni: Ilikotoka na ilikofika

KABLA ya kuja kwa Waingereza, Wakamba hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo ya utui, yaani mtaa wa nyumba za jirani, yaliamuliwa na baraza la wazee lililoitwa nzama. Hata Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, alikuwa na mali na wafuasi, si mamlaka ya kuitawala Ukambani yote.

Utawala wa kigeni uliingia kupitia Machakos, ambako kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijenga kituo mwaka 1889. Serikali ya Uingereza ilipotwaa nchi mwaka 1895, Kitui iliwekwa katika Mkoa wa Ukamba, na baadaye ikapata Mkuu wake wa Wilaya, DC kama alivyozoeleka kuitwa. Afisa huyo alikuwa mtoza kodi, msimamizi wa polisi na hakimu, yote kwa mpigo. Mshtakiwa na mlipa kodi walisimama mbele ya meza ile ile.

Sheria ya mwaka 1902 ilimpa afisa huyo wasaidizi: wakuu wa vijiji walioteuliwa na serikali kutunza barabara, kudumisha amani na kusaidia kukusanya kodi. Ndio waliokuja kuitwa machifu. Hawakutoka katika nzama, na jambo hilo halikusahaulika.

Lilidhihirika mwaka 1938. Serikali, ikidai kwamba malisho ya Machakos yameharibika na udongo unamomonyoka, iliamuru mifugo ipunguzwe, na ng'ombe wakatwaliwa na kuuzwa kwa lazima. Maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kutaka kusikizwa na Gavana Robert Brooke-Popham mwenyewe, maana kwa DC na machifu hawakutarajia haki. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini uuzaji wa lazima ulisitishwa.

Makueni wakati huo ilikuwa sehemu ya Machakos. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vichaka vyake vilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na familia zikapewa mashamba kwa masharti makali. Iliendelea kutawaliwa kutoka Machakos hadi mwaka 1992, ilipofanywa wilaya yenye makao yake mjini Wote.

Uhuru haukuiondoa afisi ya DC. Serikali za majimbo zilipofutwa mwaka 1964, ilirudi kuwa mkono wa Rais mashinani. Kilichopungua ni kiti cha hakimu, baada ya mahakama kuunganishwa kwa sheria ya mwaka 1967. Machifu nao walibaki na mamlaka mapana, ikiwemo kuwalazimisha wakazi kufanya kazi za umma, hadi Sheria ya Machifu ilipopunguzwa makali katika mageuzi ya mwaka 1997.

Wilaya zilizidi kuundwa. Mwingi ilimegwa kutoka Kitui katika miaka ya 1990, ikapata DC wake na kuhesabiwa peke yake katika sensa ya 1999. Hata hivyo, Septemba 2009 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya halali ni zile tu zilizotambuliwa na sheria ya mwaka 1992. Makueni ilikuwamo; Mwingi haikuwamo. Orodha hiyo ndiyo iliyozaa kaunti 47 za Katiba ya 2010, ambamo Kitui ni ya 15 na Makueni ya 17. Mwingi ilirudi Kitui. Kubadilisha mpaka wa kaunti sasa kunahitaji pendekezo la tume huru na thuluthi mbili katika Bunge la Taifa na Seneti, ilhali wilaya ilizaliwa kwa tamko la Rais mkutanoni.

Katiba hiyo ilitaka utawala wa mikoa upangwe upya katika muda wa miaka mitano. Rais Mwai Kibaki aliteua makamishna wa kaunti mwaka 2012, na Mahakama Kuu ikasema mwaka huo huo kwamba uteuzi huo ulikiuka Katiba. Sheria ya mwaka 2013 ndiyo iliyoweka ngazi zinazotumika sasa: kamishna wa kaunti, naibu wake, kamishna msaidizi, chifu na naibu wa chifu.

Hivyo mkazi wa Wote ana gavana anayemchagua kwa kura na kamishna anayeletwa na serikali kuu. Maji, zahanati na barabara za vijijini ni za gavana. Usalama ni wa kamishna, na anayetafuta kitambulisho cha taifa bado huanzia kwa chifu.