Leso, Mtungi wa Mafuta na Kitanda cha Mtawa

Nani kati yetu hana nyumbani mwake pembe moja asiyotaka wageni waione? Humo mna bidoni zilizopasuka, sufuria yenye tundu, taa isiyo na kioo, redio iliyonyamaza siku nyingi, viatu vya mtoto ambaye sasa ni mtu mzima. Siku ya kufagia twavitoa vyote uani, twavipangusa vumbi, na jioni twavirudisha mahali pake. Twasema: labda kesho vitafaa. Kesho hiyo haiji, na vitu vyazidi.

Lakini tusichekane upesi. Katika nchi yetu mtu anayeweka vitu mara nyingi ana sababu. Ameona vita, ameona njaa, amengoja mshahara usiofika. Kwake bidoni kuukuu ni akiba. Kumwambia tu « Tupa! » si dawa. Basi tumeona vema kutazama habari za mtu mmoja wa kale, ambaye naye aliishi katika nchi ya vita na njaa: Mtakatifu Benedikto. Jina lake si geni kwetu. Watawa wanaofuata Kanuni yake waliingia Katanga mwaka 1910, wakitoka abasia ya Sint-Andries, karibu na Brugge, katika Ubelgiji.

*Chombo cha jirani*

Benedikto alizaliwa karibu na mwaka 480 huko Nursia, katika Italia. Habari za maisha yake twazipata hasa kwa Papa Gregorio Mkuu, aliyeziandika katika miaka ya 593 na 594.

Benedikto akiwa bado kijana, aliacha masomo ya Roma, akaenda kukaa mahali paitwapo Enfide pamoja na yaya aliyemlea. Siku moja yaya huyo aliazima kwa majirani chombo cha kusafishia ngano. Akakiacha mezani, kikaanguka, kikavunjika vipande viwili. Mama huyo akalia sana, kwa maana kitu cha kuazima ni deni. Gregorio asimulia kwamba Benedikto aliviokota vile vipande, akasali kwa machozi, na alipoinuka chombo kilikuwa kizima. Watu wa Enfide wakakitundika mlangoni pa kanisa, kikakaa huko miaka mingi.

Tuliangalie jambo hili. Mwujiza wa kwanza wa mtakatifu huyu ulikuwa juu ya chombo cha jikoni. Yeye aliyekuja baadaye kuwafundisha watu kuacha mali zote, hakuwa mtu wa kudharau vitu.

*Vitu kumi*

Karibu na mwaka 529 Benedikto alijenga monasteri juu ya mlima wa Monte Cassino. Kwa ajili ya watawa wake aliandika Kanuni yenye sura 73. Katika sura ya 55 anasema juu ya nguo na vyombo. Kanzu mbili na majoho mawili yamtosha mtawa, ili apate ya kubadili usiku na wakati wa kufua. Kinachozidi hapo kiondolewe. Na mtawa akipewa nguo mpya, sharti airudishe ile ya zamani papo hapo, iwekwe kwa ajili ya masikini.

Tena Abati aliagizwa kukagua vitanda mara kwa mara, aone kama mtawa ameficha kitu. Tazameni jinsi Benedikto alivyoyajua mambo ya nyumbani! Hata katika karne ya sita watu walificha vitu kitandani.

Lakini hakukomea hapo. Alijua kwamba mtu huficha kwa sababu ya hofu. Kwa hiyo alimwagiza Abati ampe kila mtawa vyote vinavyompasa: joho, kanzu, soksi, viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, leso, na vibao vya kuandikia. Ndivyo vitu kumi. Akishapewa hivyo, mtawa hawezi kujitetea kwamba amekosa kitu cha lazima. Hii ndiyo hekima yake: usimwambie mtu aachilie mkono, kama hakuna mkono mwingine wa kumpa atakapohitaji.

Na vile vichache vilivyobaki viliheshimiwa. Sura ya 31 yamwagiza mtunza-ghala aviangalie vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe na sufuria navyo vimo!

*Leso na mafuta*

Hata hivyo watawa walishindwa mara nyingine. Gregorio asimulia kwamba mtawa mmoja alitumwa kijijini kuhubiri. Baada ya mahubiri, wanawake waliowekwa wakfu kwa Mungu walimsihi apokee leso, akazificha kifuani. Aliporudi, Benedikto alimkemea. Naye akashangaa, maana alikuwa amekwisha kusahau. Twajiona wenyewe hapa: tunavyoviweka kwa siri, twavisahau upesi kuliko vyote.

Habari ya pili ni nzito zaidi. Njaa iliingia katika nchi ya Campania. Benedikto alikuwa amegawa karibu vyote, na katika monasteri yakabaki mafuta kidogo tu ndani ya chombo cha kioo. Shemasi mdogo jina lake Agapito akaja kuomba mafuta. Benedikto akaagiza apewe. Mtunza-ghala hakumpa. Alipoulizwa, akajibu kwamba angempa, ndugu zake wasingebakiwa na kitu. Benedikto akaagiza chombo kile kitupwe nje dirishani. Kikaanguka juu ya mawe, kisivunjike wala mafuta yasimwagike. Ndipo Agapito akapewa. Kisha wote wakasali, na mtungi mtupu uliokuwa pale ukajaa mafuta hata yakafurika.

Huyo mtunza-ghala hakuwa mwizi. Aliwafikiria ndugu zake. Ndiyo sababu habari yake yatuchoma.

Maana sisi wenyewe habari hii tuliisoma seminarini, tukaijibu vizuri siku ya mtihani. Miaka ikapita. Kiangazi kimoja mama wa jumuiya yetu alikuja mlangoni. Bidoni yake ya kuchotea maji ilikuwa imepasuka.

— Baba katekista, hata ile ndogo itanitosha.

— Tutaona, mama.

Akashukuru, akaenda zake. Chini ya kitanda chetu zilikuwamo bidoni sita nzima, na tulizozitumia ni mbili. Jioni, kabla ya sala, mama watoto alituuliza neno moja tu: « Zile nne ni za nani? »

Hatukuweza kumjibu. Asubuhi tukampelekea yule mama mbili, na mbili nyingine tukawapa majirani. Twakiri kwamba njiani mkono ulikuwa mzito, na hata mlangoni pake tulifikiri kurudi na moja. Lakini siku ile nyumba yetu haikupungukiwa na maji. Bidoni mbili zilizobaki tukazisugua kwa mchanga, tukazitafutia vifuniko. Zilipokuwa sita, hakuna aliyezitunza.

*Vitu hurudi*

Mtu asidhani kwamba kazi hii hufanywa mara moja ikaisha. Baada ya karne nyingi, monasteri nyingi za Benedikto zenyewe zilijaa mashamba na mali. Mwaka 1098 Abati Roberto wa Molesme na watawa wapatao 20 walikwenda Cîteaux, katika Ufaransa, kuishika Kanuni upya. Katika kanisa lao walitaka misalaba ya mti na vinara vya chuma. Ikiwa nyumba za watawa zilihitaji kufagiwa tena, je, si zaidi nyumba zetu?

Basi, wasomaji wapenzi, tuanze na kidogo. Kipya kikiingia nyumbani, cha zamani kitoke papo hapo, kingali kinafaa. Tusimpe masikini takataka na kuiita sadaka. Tena tuwe majirani wa kuaminika, watu ambao kwao mtu aweza kuazima sufuria bila kuona haya. Penye ujirani wa namna hiyo, hofu ya kesho hupungua, na pembe ya nyumba hufagika.

Na jioni ya leo, kabla ya kulala, tuiname tutazame chini ya kitanda. Huenda kuna kitu humo ambacho mwenyewe alikwisha kuja kukiomba.