Mkalimani Kando ya Kitambaa: Maonyesho ya Majaribio na Filamu za Vita katika Ukambani

Mtengenezaji wa filamu ya vita anapotaka kujua jinsi watazamaji walivyoipokea kazi yake, huwauliza nini, na ni lipi asilowauliza? Aghalabu swali hili hujadiliwa kwa mifano ya Marekani. Makala haya yanakusudia kulitazama kwa upande wa Ukambani, hasa Kitui na Makueni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ikumbukwe kwamba Makueni siku hizo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilifanywa wilaya ya peke yake mwaka 1992.

Tuanze na Marekani, kwa kuwa huko ndiko desturi ya maonyesho ya majaribio ilikostawi. Mwaka 1951 kampuni ya MGM iliwaonyesha watazamaji filamu ya John Huston iitwayo The Red Badge of Courage, iliyohusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo. Baadhi yao walicheka mahali pasipostahili kicheko. Wengine waliondoka kabla ya mwisho. Kampuni iliikata filamu hata ikabaki dakika 69, kisha ikaongeza sauti ya msimulizi. Huston mwenyewe hakuwapo kuitetea, kwani alikuwa akishughulikia The African Queen, filamu inayohusu Vita vya Kwanza katika Afrika Mashariki, iliyopigwa Kongo na Uganda. Kwa hiyo dawa zilizotumiwa zilikuwa mbili: kupunguza picha na kuongeza maelezo. Dawa hizo mbili zilikuwa zimekwisha kutumiwa katika nchi zetu miaka mingi kabla ya hapo.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, L. A. Notcutt na G. C. Latham waliendesha mradi wa filamu za mafunzo kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha katika nchi kadhaa, Kenya ikiwa mojawapo, ili kupima namna Waafrika walivyozipokea. Vita vilipozuka mwaka 1939, serikali ya Uingereza iliunda Idara ya Filamu za Makoloni, chini ya William Sellers, aliyekuwa amefanya kazi ya afya huko Nigeria. Sellers alishikilia kwamba mtazamaji wa kijijini huchanganyikiwa na picha zinazobadilika upesi. Kwa sababu hiyo filamu za idara yake zilikwenda polepole, zikaepuka hila za kamera na miruko ya mahali na wakati. Hojaji zilipelekwa katika makoloni kuuliza watazamaji walielewa nini, na jarida la Colonial Cinema, lililoanza mwaka 1942, likawa mahali pa kujadiliana juu ya mambo hayo.

Hapa ndipo ilipo kasoro. Hojaji hizo zilishughulika zaidi na macho ya mtazamaji kuliko kumbukumbu zake. Lakini watu wa Ukambani hawakuja mbele ya kitambaa cheupe wakiwa hawana habari ya vita. Katika vita vya 1914 hadi 1918 wengi wao walichukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi, na wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Mwaka 1938 maelfu ya Wakamba wa Machakos walikwenda Nairobi pamoja na Muindi Mbingu kupinga kunyang'anywa ng'ombe wao; Muindi akahamishiwa Lamu. Mwaka uliofuata serikali ile ile ikaanza kuwaita vijana wa Ukambani jeshini, ikiwasifu kuwa kabila la askari. Mzazi ambaye mwanawe alikuwa Uhabeshi au Burma alikuwa na maswali yake: yu hai? Atarudi lini? Akinyamaza baada ya picha kwisha, ni rahisi afisa aandike kwamba hakuelewa. Yamkini alikuwa ameelewa mno.

Jambo la pili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha. Nyingi za filamu hizo hazikuwa na sauti. Maelezo yaliandikwa kwa Kiingereza, na mkalimani akayasema kwa lugha ya wasikilizaji picha zikiendelea. Sasa Kikamba hakina wakati uliopita mmoja tu kama ule unaobebwa na -li- ya Kiswahili. Kitenzi cha Kikamba hupambanua yaliyotokea leo, yaliyotokea siku chache zilizopita, na yaliyotokea zamani. Mkalimani aliyeonyeshwa picha ya mizinga ikilia hakuweza kuisimulia bila kuamua: je, mambo haya ni ya leo, ya juzi, au yamekwisha kupita? Kwa mama aliyekuwa akingoja habari, tofauti hiyo haikuwa ndogo. London iliweza kuamua urefu wa kila picha. Maana yake ilikamilishwa na mtu aliyesimama kando ya kitambaa. Kwa hakika kila onyesho lilikuwa toleo jipya la filamu, na mkalimani ndiye aliyekuwa mhariri wake wa mwisho.

Tofauti na MGM ni dhahiri. Mtazamaji wa Marekani aliyecheka aliweza kuibadilisha filamu, kwa kuwa alikuwa mnunuzi wa tikiti. Mtazamaji wa Kitui alipimwa bila kuombwa hukumu. Rai yake ilitumiwa kurekebisha mwendo wa picha, wala si habari iliyosimuliwa.

Idara ile ilifungwa mwaka 1955. Filamu zake kadhaa zimehifadhiwa Uingereza, lakini maneno ya Kikamba yaliyosemwa juu yake hayakuwamo katika utepe. Watoto walioketi chini kuzitazama ni wazee wa miaka themanini na zaidi. Mtafiti anayetaka kujua filamu hizo zilisema nini Ukambani hana budi kuwaendea hao, na kuwaendea mapema.